Mende wa Nyuma ya Kabati

Rafiki yangu, fundi cherehani, alihamia nyumba iliyojaa mende. Mwanawe anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, hivyo dawa hakuitaka; alishika kandambili.

"Shemeji, utabomoa nyumba ya watu!" mdogo wa mumewe alimtania kutoka sebuleni, akiwa amempakata mtoto.

"Leo ni wao au mimi!"

Taa ya jikoni ilikuwa imeungua. Alivuta kabati, akawaponda ukutani kwa kufuata sauti zao, hadi mkono ukalowa. Kila alipopiga, ndani ya ukuta palipigwa pia. Akadhani ni mwangwi, akaacha. Kule ndani kipigo kiliendelea, kizito zaidi, plasta ikamdondokea. Mende waliobaki wakachomoka ufani, wakamkimbilia yeye, wakapanda miguu yake na kujificha ndani ya gauni.