Aliyekaa Nyuma ya Msusi

Wa kwanza kumsalimia alikuwa mtu asiyejulikana. Aliandika tu: "Dada, kazi safi. Msalimie na huyo mama aliyekaa nyuma yako."

Msusi akacheka. Watu walimwita Vidole, maana vidole vyake vilikimbia kichwani mwa mteja kama vya mtu anayechambua mchele na wageni wameshafika mlangoni. Sebule yake ndiyo ilikuwa saluni. Kila alasiri aliegemeza simu kwenye kopo la mafuta ya nywele, akajirusha mubashara huku akisuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta na kiti cha plastiki. Kiti kilikuwa kitupu.

Kesho yake waliomsalimia mama huyo walikuwa wengi. Mbona mama hasemi? Mama leo kapendeza. Vidole akaona ni utani wa mtandaoni, akajibu kwa utani: "Mama hajambo, anawasalimu nyote." Hakujua kwamba hapo hodi ilikuwa imebishwa, na yeye ameshasema karibu.

Ikaanza harufu ya nywele zinazoungua, na hakuna aliyewasha moto. Ikafuata sauti. Wateja wakinyamaza kidogo, kwenye kona ilisikika kama chanuo linapita kwenye nywele kavu. Kwaru. Kwaru. Wateja wakatazamana, kila mmoja akijifanya hakusikia.

Hata hivyo, watazamaji walimiminika kama siafu. Wanawake waliompita miaka yote bila hata salamu sasa walimwomba picha.

Mumewe alikuwa fundi umeme. Alikagua nyaya za nyumba nzima, akashuka kwenye ngazi akijifuta vumbi.

"Hakuna waya unaoungua humu," alisema kwa sauti ya chini. "Mke wangu, toka huko mtandaoni. Funga huo ukurasa."

"Nikiufunga nitakuwa nani tena?"

Alikuwa amekusudia kusema, tutakula nini. Lile lingine lilimponyoka. Mumewe akamtazama, kisha akaikunja ngazi yake.

Walikuwa na binti mmoja mdogo, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata usingizini alikuwa akipiga soga. Alasiri moja Vidole anasuka, watu wanaandika kwa kasi kuliko macho yake yanavyoweza kusoma. Amesogea. Mama kasogea. Kisha mmoja akauliza: "Huyo mtoto anayesukwa na mama ni wako?"

Vidole akageuka, na alichokiona kilimfanya aachie kichwa cha mteja katikati ya msuko, kwa sababu Chiriku alikuwa ameketi sakafuni mbele ya kile kiti kitupu, shingo imeinamishwa kama mtoto anayeshikiliwa, na nywele zake zilikuwa zikijisuka zenyewe, zikipanda na kushuka, mistari myembamba iliyokazwa mpaka ngozi ya paji la uso ikavutika, na lile chanuo lisiloonekana likisema kwaru, kwaru, na mtoto hatoi sauti, machozi tu yanamdondoka mapajani.

Akamnyakua. Mteja alitoka mbio na kichwa kilichosukwa nusu. Jioni yote Vidole alijaribu kuifumua ile misuko, asione pa kuanzia. Haikuwa na ncha. Na Chiriku hakusema neno, wala alipoitwa, wala alipobembelezwa.

Asubuhi mumewe akamleta shangazi yake, ambaye ukoo mzima ulimjua kwa kutoa vitu vya namna hiyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani, asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Alisimama mlangoni akinusa. Akakitazama kiti, akaitazama simu. "Huyu hataki damu wala ubani. Anakula kutazamwa. Kila jicho kwake ni tonge, na wewe umemwandalia sinia."

"Nifanye nini?"

"Ufunge huo mlango wako wa simuni. Na usiage. Ukiaga watakuja wote kukutazama, ashibe, na akishiba hatoki tena."

Vidole akashika simu. Maelfu ya watu, aondoke kimyakimya kama mwizi?

"Shangazi, hakuna njia nyingine? Nipunguze tu? Niwe naingia mara moja moja?"

Shangazi akavua miwani. "Yeye anakula macho, mwanangu. Na wewe unakula nini?"

Vidole akaufungua ukurasa wake. Akabonyeza pa kufuta, simu ikamuuliza kama ana hakika, na kutoka kwenye kona zikaanza sauti, kwanza ya mmoja, kisha ya kumi, kisha za umati uliojibana kwenye sebule ile ndogo, dada usituache, dada wewe ndiye bora, dada nani atakukumbuka, na harufu ya nywele ikamjaa kooni, na pumzi ya mtu ikamgusa sikio ikimwita kwa jina alilopewa na mama yake, jina ambalo hakuwahi kuliandika popote, na shangazi akisoma dua kwa nguvu, na mume amemkumbatia mtoto, na kidole cha msusi kimesimama juu ya kioo.

"Mama," akasema Chiriku, kwa sauti nyembamba. "Kichwa kinauma."

Kidole kikashuka.

Kiti kikapasuka katikati, pah! Kikafuata kimya. Misuko ya mtoto ikalegea yenyewe, nywele zikamwagika mabegani, na Chiriku akaanza kulia kwa makelele kama watoto wengine. Hakuna aliyemnyamazisha.

Wateja walipungua, wakabaki wale wa mtaani. Vidole akazoea, ingawa mara nyingine alijikuta akitabasamu ukutani.

Kisha akasikia habari za msichana aliyewahi kujifunza kusuka kwake, kwamba amefungua ukurasa na watu wanajaa kupita kiasi. Akamfuata mchana huohuo, akamweleza yote, hakuficha hata kosa lake.

Msichana akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Dada, wewe ulipotoka ndipo wangu walipokuja," akasema. "Usinionee wivu."

Akasema huku akipitisha mkono kisogoni, akijikuna, kama mtu anayepulizwa na upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa.