Mguu wa Mwalimu Breki

Ndugu zangu mnaosoma, kabla sijaanza, kila mtu aangalie mabega yake. Kama yamepanda hadi masikioni, yashushe, ukae vizuri, kisha usikilize habari za mwalimu mmoja wa udereva na mguu wake wa kulia.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, jua limeshapoa. Mwalimu alikuwa ameegesha gari mbele ya nyumba yake, na kupitia dirisha la sebuleni zilimfikia sauti mbili alizozipenda kuliko zote. Ya kwanza ilikuwa ya cherehani ya mkewe, fundi wa sare za shule, ikienda bila haraka. Ya pili ilikuwa ya binti yao wa pekee, akimsimulia mama yake kituko cha darasani na kucheka kabla hata hajafika mahali pa kuchekesha. Mwalimu akatabasamu, akatoa funguo mfukoni. Funguo zikalia, na papo hapo cherehani ikanyamaza. Kicheko nacho kikakatika. Alipoingia, mkewe alikuwa anakunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa, na binti alikuwa ameinamia kitabu.

"Shikamoo baba," akasema binti kwa sauti ya chini.

"Marahaba." Mwalimu aliipenda hali hiyo. Alidhani ni heshima.

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi yake. Gari la kufundishia udereva lina breki mbili: moja ya mwanafunzi, nyingine upande anaokaa mwalimu. Kwa miaka mingi mguu wa mtu huyu ulikuwa umening'inia juu ya breki ile ya pili, ukingoja kosa la mwenzake. Na makosa hayakukosekana. Alishawahi kufundisha mama aliyefumba macho kila alipopishana na basi, na kijana aliyeachia usukani ili apige chafya vizuri. Lakini gari lake halikuwahi kupata hata mkwaruzo. Wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Breki, naye akalivaa kwa fahari.

Tatizo ni kwamba breki ilibaki garini, mguu ukaja naye nyumbani. Alikanyaga sakafu mkewe alipokata kitunguu haraka haraka. Aliikanyaga tena binti alipokimbilia mlangoni. Mdomo nao haukubaki nyuma: "Taratibu! Angalia mbele! Hicho kiti hukukiona?" Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, na kila asubuhi taya zilimuuma kwa kusaga meno. Mkewe akimwambia, "Umechoka wewe," alijibu kwamba mwanamume anajikaza kisabuni na siku zinakwenda.

Basi siku hiyo binti akaleta chai. Kikombe cha baba kilikuwa karibu na ukingo wa meza. Karibu tu, hakikuwa kinaanguka. Binti akainua birika, akaanza kumimina, na Mwalimu akaona ajali.

"Simama!" Akaudaka mkono wa mtoto, vile anavyodaka usukani mwanafunzi anapoyumba.

Kikombe hakikutikisika hata kidogo. Birika ndilo lililoyumba, na chai ya moto ikammwagikia binti kuanzia kwenye kiganja hadi juu ya kifundo cha mkono. Ndivyo Mwalimu Breki alivyopata ajali ya kwanza maishani mwake, nyumbani kwake, gari likiwa nje limezimwa.

Kule zahanati walimkuta nesi wa zamu, mama mwenye mvi na mikono isiyo na papara. Aliuosha mkono wa binti kwa maji yanayotiririka, akaufunga kwa bandeji, huku akiongea naye habari za shule. Binti hakulia. Alitazama ukutani, na kila baba yake aliposogea, aliuvuta mkono kifuani. Nesi akaliona hilo. Akaona na jingine.

"Baba, kwani barabarani kuna nani?"

"Barabarani wapi?" Mwalimu akashangaa.

"Mimi sijui. Nauliza mguu wako."

Mwalimu akatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa umekandamiza sakafu mpaka paja linatetemeka, na vidole vimejikunja ndani ya kiatu. Nesi akamkalisha, akampima presha, akatikisa kichwa.

"Imepanda. Jumatatu umwone daktari, na akikupa dawa, umeze. Lakini Jumatano jioni njoo pale ukumbini kwetu, nyuma ya jengo. Tunafanya yoga."

Hata katika hali ile, Mwalimu alishindwa kujizuia. "Ile ya kukunja kisigino mpaka kinafika shingoni?"

"Kisigino chako kitabaki kilipo. Sisi tunajifunza kupumua na kulala chini."

"Kulala nakujua, Bi Nesi."

Mkewe akadakia, "Hukujui, Mwalimu. Mimi ndiye ninayelala pembeni yako, mateke yote yananiishia mimi."

Wakati wa kurudi, binti alikaa kiti cha nyuma. Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kuogopa, maana mtoto huyu tangu utotoni kiti chake kilikuwa cha mbele. Gari likiwa limezimwa alikuwa akipanda upande wa dereva, anazungusha usukani na kuunguruma kwa mdomo, na baba yake alikuwa amemwahidi kwamba siku atakayofikisha umri wa leseni, mtu wa kumfundisha ni yeye. Umri huo ulikuwa unakaribia.

"Baba," binti akasema, "nikifikisha umri, nitajifunza kwa mwalimu mwingine."

"Kwa nini, mama?"

"Nauogopa mkono wako."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Mwalimu aliwasha taa ya kuashiria, akaegesha kando ya barabara, akazima injini. Ilibidi wangoje hapo, kwa sababu alikuwa haoni njia vizuri. Aliumia, ndugu zangu. Alikuwa amewafundisha watoto wa watu kuendesha, na wa kwake alikuwa anajikunyata kwenye kona ya kiti cha nyuma.

Jumatano alikwenda ukumbini shingo upande, mkewe ameongozana naye asije akapotelea njiani. Sakafuni ilikuwa imetandikwa mikeka. Kulikuwa na mwenye duka la vipuri, akina mama wawili watatu wenye presha, mzee aliyestaafu ualimu, na wote walikuwa peku. Mwalimu alipovua viatu alikuta soksi ya kushoto nzima na ya kulia imetoboka kidoleni. Mwenye vipuri akaitazama ile soksi, akatazama kwingine kwa adabu.

"Tunaanza na pumzi," akasema Nesi. "Vuta taratibu kwa pua. Kuitoa, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kama unayepoza kikombe cha chai."

Mwalimu aliposikia chai, akautazama mlango wa kutokea. Akaendelea hivyo hivyo. Wakainua mikono na kuishusha, wakageuza shingo polepole, wakainama kwa magoti na viganja wakiupinda mgongo na kuunyoosha. Hakuna kilichoshinda nguvu zake, na bado aliona tabu kuliko kusukuma gari lililozimika. Kisha wakalala chali. Ukumbi mzima ukalegea isipokuwa mguu mmoja.

"Unakanyaga," akanong'ona Mwalimu kwa aibu. "Nauzuia, hauzuiliki."

Nesi akachuchumaa pembeni yake. "Usiuzuie. Utazame tu. Sema moyoni: mguu unakanyaga."

Akautazama. Mlango ulilia, mguu ukakanyaga. Pikipiki ilipita nje, ukakanyaga. Mtu alikohoa, ukakanyaga. Alikuwa hajawahi kuutazama mguu wake hata siku moja. Alikuwa anauamini tu. Sasa aliona kwamba ulikuwa unaogopa, na kwamba haukujua kuwa gari halipo.

Nesi akamwambia ausogelee ukuta, alale chali na kuiegemeza miguu juu, nyayo zikitazama dari. "Haya, sasa kanyaga."

Mwalimu akajaribu. Hapakuwa na sakafu. Mguu ukapapasa hewani, ukatetemeka, ukapapasa tena, kisha ukachoka. Joto likamshuka pajani, nyonga ikaachia, taya zikaachana zenyewe. Machozi yakamtoka, yakateremka kuelekea masikioni, maana aliyelala chali ndivyo anavyolia. Mkewe, kwenye mkeka wa jirani, aliyaona akafumba macho yake, akamwachia nafasi. Nawapa heshima watu wa ukumbi ule. Hakuna aliyecheka wala kuuliza.

Msidhani alitoka pale malaika. Wiki ile ile alimfokea mwanafunzi mpaka kioo kikapata ukungu. Lakini Jumatano iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena. Dawa za daktari alizimeza. Tena kuna jambo moja alilolifanya ambalo mimi nalisifu kuliko miaka yake yote bila mkwaruzo: alimwita binti yake, akamwambia, "Siku ile, aliyekuunguza ni mimi. Si chai, si kikombe. Ni mimi." Hakuongeza "lakini". Binti aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Garini aliendelea kukaa nyuma, na baba hakumlazimisha.

Akaanza na desturi nyingine. Kila jioni akifika nyumbani alizima gari, akabaki ndani, nyayo mbili zimetulia chini, viganja juu ya mapaja, anapumua mpaka mabega yashuke. Walimu wenzake walipopata habari walimcheka wakavunjika mbavu.

"Siku hizi unalala garini, Breki? Kwako kumeingia nyoka?"

"Nashusha wanafunzi," akajibu. "Zamani nilikuwa naingia nao wote ndani."

Wakaendelea kucheka. Ila mmoja wao, aliyekuwa na tabia ya kutafuna kucha, alimfuata baadaye faraghani na kuuliza ukumbi uko wapi.

Cha kwanza kutoa habari njema kilikuwa cherehani. Jioni moja Mwalimu alitoa funguo, zikalia, na cherehani ikaendelea na safari yake. Alisimama pale mlangoni akisikiliza, funguo mkononi, hata jirani akamuuliza kama kitasa kimeharibika. "Kizima kabisa," akasema, akaingia. Mkewe alikuwa ameinamia mshono wake, akamsalimia bila kunyanyua uso, na hakuna salamu iliyowahi kumfurahisha vile.

Binti yeye alichukua muda wake. Umri wa leseni ukatimia, ukapita. Mwalimu hakugusia. Ndipo asubuhi moja, akiwa anafuta vioo vya gari, akaona mlango wa dereva unafunguliwa. Binti akaketi, akavuta kiti mbele, akafunga mkanda.

"Nina sharti," akasema, macho yake mbele.

"Sema, mama."

"Vua viatu. Nataka niuone mguu."

Mwalimu akavua viatu na soksi akaviweka kiti cha nyuma, akakaa upande wake, peku, wayo wa kulia chini kando ya breki ya pili. Wakaenda barabara ya maghalani, ambako asubuhi hiyo hapakuwa na magari mengi. Gari likarukaruka kidogo, likazimika, likawashwa. Likashika mwendo. Binti alikuwa ameng'ata mdomo, na kovu la mkono wake lilionekana waziwazi alipobadilisha gia.

Walipokaribia geti la ghala, mtu mwenye mkokoteni akachomoza kati ya magari yaliyoegeshwa, akaanza kuvuka bila kutazama.

Mguu wa Mwalimu ukashtuka, vidole vikanyanyuka. Akasema moyoni: mguu unataka kukanyaga. Akatoa pumzi. Msiseme alizembea, wayo ulikuwa pale pale, tayari. Ila kwa pumzi ile moja alipata kuona kilichokuwepo barabarani badala ya alichokiogopa. Nafasi ilikuwa ya kutosha. Binti alikuwa ameshamwona yule mtu, na mguu wake ulikuwa umeshatoka kwenye mafuta ukahamia kwenye breki. Gari likapungua, likapungua, likasimama vizuri kabisa. Mwenye mkokoteni akawapungia mkono, akapita.

Binti akatazama chini. Wayo wa baba yake ulikuwa umelala sakafuni.

"Hukukanyaga," akasema.

"Ulikuwa umeshakanyaga wewe, mama."

Binti akaondoa mkono wake kwenye gia, ule wenye kovu, akaushika mkono wa baba yake. Akaushikilia kidogo, hivyo hivyo, kwa hiari yake. Kisha akauachia, akaingiza gia, wakaendelea na safari.

FUNZO

Mwili ukishazoea hatari haujui kwamba kazi imekwisha mpaka uuambie. Mwalimu Breki si peke yake. Wako walinzi, wauguzi, wapishi wa mahoteli na wakubwa wa ofisi wanaorudi nyumbani na hofu ya kutwa nzima, wakaimwaga juu ya watu wanaowapenda, halafu wakaiita ukali au uanaume. Kutulia nako ni kazi, na kunajifunzwa kama udereva unavyojifunzwa: kwa kurudia, kwa kukosea, kwa kukubali kufundishwa. Daktari akikupa dawa, meza. Mkeka haukuja kumpokonya daktari kazi. Lakini usione haya kuulalia, kuegemeza miguu ukutani na kutoa pumzi ndefu. Na ukikosea, omba radhi, kisha mngoje uliyemwumiza arudi kwa mwendo wake.

Leo ukifika kwako, simama mlangoni kabla ya kuingia. Tikisa funguo usikilize. Kama kicheko kilichokuwa ndani kimekatika, usijidanganye kwamba hiyo ni heshima. Rudi nyuma kidogo, upumue, ndipo uingie.