Vumbi Jeupe la Dirishani

Umutesi na familia yake walifika mji wa Buffalo mwaka 2014, wakitoka kambi ya wakimbizi huko Burundi. Kwao ni milima ya Kivu Kusini. Walipata ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao ya zamani mtaa wa Riverside, karibu na mto. Mume wake, Rugaba, alipata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala. Umutesi alitunza wazee. Bamurange, mama yake Rugaba, alibaki nyumbani na mjukuu wake Muhoza, mtoto wa kike wa miaka miwili.

Muhoza alikuwa na maneno mengi. Alijua kuomba maji na maziwa. Aliita ng'ombe kila alipowaona kwenye picha, na kila mwanamke aliyeingia ndani alikuwa shangazi.

Kiangazi kilichofuata maneno yakaanza kumpotea. Kwanza likapotea neno ng'ombe, kisha shangazi. Siku moja Umutesi alimwonyesha kikombe cha maji, na mtoto akakitazama kama kitu ambacho hajawahi kukiona.

Alipenda dirisha moja tu, la sebuleni. Alisimama hapo mchana kutwa, kidevu juu ya ubao, mgongo kwa watu. Aliitwa, hakugeuka. Ukimgeuza kwa mkono, ulikuta midomo yake ni myeupe, kama ya mtu aliyelamba unga. Chakula alikikataa. Mara nyingine alishika tumbo na kulia bila sauti.

Tena kulikuwa na vumbi. Bamurange alipangusa ubao wa dirisha kila asubuhi kwa kitambaa kikavu. Ikifika mchana vumbi jeupe limerudi, hata kama hakuna upepo. Dirisha likipandishwa lilikwaruza, kama kucha za mtu aliye ndani ya ukuta.

"Mama Muhoza," Bamurange alimwambia Umutesi, "usinicheke. Kuna mtu anamwita mtoto kwa ile dirisha. Anasikia kitu chenye sisi hatusikie."

Umutesi hakucheka. Yeye mwenyewe, akipita sebuleni, alihisi baridi ikimwingia shingoni. Watu wa kanisa walikuja wakaomba siku tatu. Mtoto alibaki dirishani.

Jirani wa chini aliitwa Sunita. Alifanya kazi pamoja na Umutesi, na walizungumza kwa Kiingereza kidogo walichokijua. Kwao ni jimbo la Bihar, nchini India. Jumamosi moja alipanda juu na simu mkononi, amejaa furaha. Mhudumu wa afya wa kijiji chao alikuwa amepewa tuzo na wakuu wa wilaya, na Sunita alitaka kuonyesha picha ya sherehe.

Alipomwona Muhoza dirishani, tabasamu likafifia. Aliweka simu chini. Akamwondoa mtoto pale, akamnawisha mikono na mdomo kwa sabuni. Ndipo akaeleza.

Kijijini kwake wanaume waliyeyusha betri kuukuu za magari ili wauze madini yaliyomo. Watoto walicheza kwenye majivu yake. Mmoja baada ya mwingine, wakanyamaza. Watu walisema kuna pepo kwenye mianzi. Yule mhudumu wa afya ndiye aliyepita mlango kwa mlango, akiwauliza akina mama watoto wao wanachezea wapi. Aliwapeleka wakapimwa damu, na kazi ile ya betri ikaondolewa kijijini. Tuzo ilikuwa kwa ajili hiyo.

"Watoto wale walisimama hivi hivi," Sunita alisema. "Mpeleke akapimwe."

Jumatatu walikwenda kliniki wote. Muhoza alitobolewa kidole, kisha akatolewa damu ya mshipa ili kuhakikisha. Baada ya siku chache waliitwa kusikia majibu. Daktari alizungumza kupitia mkalimani wa simu, mwanamume Mtanzania.

"Mama," sauti ilisema, "kuna risasi katika damu ya mtoto."

Bamurange alisimama. Alikuwa amezika watoto wawili waliopigwa risasi kule milimani. Alifungua nguo ya Muhoza, akatafuta jeraha kifuani na mgongoni.

"Nani alimupiga?" aliuliza.

Kisha mkalimani akaeleza polepole. Risasi hii si ya bunduki, ni madini, laini na mazito. Zamani yaliwekwa kwenye rangi za nyumba. Dirisha la zamani likifunguliwa na kufungwa, mbao zinasuguana na rangi inakuwa vumbi. Mtoto analishika, analamba mikono, na lina utamu kidogo. Linaingia kwenye damu, kwenye mifupa, kwenye ubongo.

"Donc, kwa hiyo ni dirisha yenyewe?" Umutesi aliuliza.

"Ni dirisha lenyewe," mkalimani alijibu.

Kipimo kilikuwa mikrogramu kumi na tisa kwa desilita ya damu. Hata tano tayari ni za kutia wasiwasi. Daktari alisema dawa haihitajiki kwa kiwango hicho. Kinachohitajika ni kuondoa vumbi haraka.

Tangu siku hiyo Bamurange hakufagia pakavu. Alipangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, akakitupa. Muhoza alinawishwa kabla ya kula na kabla ya kulala. Alipewa maziwa, maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, vile visamaki vidogo vikavu, maana mwili wenye chuma na kalsiamu haupokei risasi kwa urahisi. Dirisha halikufunguliwa tena.

Mkaguzi wa afya alikuja, akapima kuta kwa mashine. Mwenye nyumba aliandikiwa barua ya kumwamuru atengeneze. Familia ilihamia kwa Kostansia, mama wa kanisani, hadi mafundi wenye mafunzo ya kazi hiyo walipomaliza.

Rugaba alikwenda siku moja kuangalia kazi. Mafundi walikuwa wameng'oa ubao wa dirisha. Kwenye ukingo wake, chini ya tabaka la juu la rangi, aliona alama za meno. Zilikuwa ndogo, nyingi, zimepangana. Hazikuwa za Muhoza. Rangi ile ilipakwa kabla wao hawajafika.

Aliporudi alimweleza mke wake. Kisha Umutesi akamwuliza Kostansia ni nani waliokaa pale mbele yao. Walikuwa Polycarpe na mke wake Esperance, waliohamia mji wa Columbus na mtoto wao, Cikuru. Kostansia alikuwa na namba yao ya simu.

Umutesi alimpigia Esperance, akamweleza yote.

"Ile dirisha ya salon, pale sebuleni?" Esperance aliuliza.

"Ile ile."

Cikuru alikuwa na miaka mitano na hakuwa akisema neno lolote. Esperance alikuwa amezoea kufikiri ni kosa lake. Wiki hiyo hiyo alimpeleka mtoto kupimwa, na risasi ikaonekana. Shule ikampa mwalimu wa kumfundisha kusema.

Masika yaliyofuata kipimo cha Muhoza kilishuka hadi sita. Maneno yalirudi polepole, mengine bado. Daktari alisema wazi kwamba madhara mengine hayafutiki, na ndiyo sababu watoto wapimwe mapema, kabla hawajaonyesha dalili.

Mwezi wa tano Esperance alipiga simu kutoka Columbus.

"Cikuru amekataa supu," alisema.

Umutesi aliuliza kama anaumwa.

"Hapana. Amenitazama, akasema, 'Sitaki.'"

Umutesi alicheka. Kisha akaketi sakafuni jikoni, simu bado sikioni, na wote wawili wakalia.