Grisi ya Lori Juu ya Prosesa

Kila alipotoka shule, Goodness alipitia stationari ya mama yake pale Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, kando ya barabara kuu ya malori, akaweka begi chini na kuwasha kompyuta. Ilikuwa kompyuta ya mezani ya siku nyingi. Ukishaiwasha, ungeweza kwenda kuteka maji ukarudi ukaikuta bado inajivuta. Wateja walisubiri, wakasonya, wakaenda duka la jirani.

Hata hivyo, ndani yake mlikuwa na kitu ambacho mama yake, Roda, alikithamini kuliko duka zima: sauti ya babu Boazi. Kabla ya kupata kiharusi, mzee huyo alikuwa akikaa dukani jioni na kusimulia kwa Kinamwanga habari za ukoo wao, naye Roda akamrekodi. Sasa babu alielewa kila neno, ila ulimi wake ulikuwa umegoma. Kila Jumapili baada ya ibada aliletwa dukani ajisikilize. Hapo ndipo alipocheka, na si kwingine.

Roda alichoka kupoteza wateja. Akavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akanunua prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye nguvu zaidi, na diski mpya ya kasi ya kuhifadhia kazi. Fundi Makame alikuja, akaifunga diski mpya kando ya ile ya zamani na kuiwekea programu za kuendesha kompyuta, kisha akaichomoa prosesa ya zamani na kupachika mpya mahali pake.

“Dawa ya kupaka juu ya prosesa imeniishia,” alisema. “Kesho naleta. Msiiwashe bila hiyo dawa, joto litakosa pa kwenda. Tukishahamishia kila kitu kwenye diski mpya, hii ya zamani nitaiomba kwa ajili ya kompyuta ya madrasa.”

“Chukua tu,” Roda alijibu. “Mradi sauti za baba zihame kwanza.”

Goodness, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na kujiona fundi kamili, hakuona sababu ya kungoja. Kesho yake, Jumamosi, mama alipokwenda sokoni, binti alikumbuka kuwa mabaki ya dawa kwenye prosesa ya zamani yalikuwa mazito kama grisi. Nyuma ya duka palikuwa na gereji ya malori ya mjomba Danford, na Tunduma grisi ni dawa ya kila ugonjwa: bawaba ikilia, grisi, cherehani ikikwama, grisi. Basi akachota kidogo kwenye kopo, akaipaka juu ya prosesa, akafunga feni na kuwasha.

Kompyuta iliwaka vizuri. Moyo wake ukajaa majivuno. Akaanza kunakili sauti za babu kwenye diski mpya, lakini mara kompyuta ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika tena. Alipogusa kasha lake, lilikuwa la moto. Hapo alijua kuwa ameharibu, na hapo hapo mama akaingia, akaiona feni imeshafungwa.

“Umeweza mwenyewe?”

“Nimeweza, mama.”

“Dawa umeipata wapi?”

“Kwa fundi mwingine.”

“Na sauti za babu?”

Goodness alitazama sakafu. “Zote zimehama.”

Roda alimkumbatia. Akaichomoa diski ya zamani, akaifunga kwenye kanga na kumpelekea Makame yeye mwenyewe, huku akimsifu bintiye njia nzima. Makame aliifuta jioni ile, akaijaza masomo ya madrasa.

Kesho yake, Jumapili, babu aliketishwa mbele ya kompyuta. Ikawaka, ikazimika. Makame akaitwa. Alipong’oa feni, grisi iliyoyeyuka ikachuruzika kwenye vidole vyake.

“Nani kapaka grisi ya lori humu?”

Goodness alianza kulia. Akasema yote, grisi na sauti, bila kuficha tena. Roda akamgeukia Makame.

“Ile diski?”

“Nimeifuta, dada, na nimeijaza mambo mengine. Nitajaribu, ila nisikudanganye, sina tumaini.”

Makame aliisafisha prosesa, akapaka dawa yenyewe. Kompyuta ikawaka kwa kasi ambayo duka lile halijawahi kuiona. Kwenye diski mpya ilikutwa rekodi moja tu, ile ya kwanza kabisa. Babu alisikika akikohoa, akauliza kama mashine inasikia, kisha akasema kwa Kinamwanga kwamba leo amechoka, habari za ukoo ataanza kusimulia kesho.

Babu aliyeketi pale akafungua kinywa. Midomo ilihangaika, mishipa ya shingo ikamtoka, lakini neno halikuja. Akafunga kinywa na kutazama ukuta.

Goodness akapiga magoti mbele yake. “Nisamehe, babu.” Mzee akamwekea mkono kichwani, lakini hakucheka.

Roda hakumpiga mwanawe wala hakumgombeza. Aliongea taratibu, na hilo lilimuuma Goodness zaidi.

“Ya grisi ningekusamehe palepale, tena tungecheka. Kutojua si dhambi. Lakini nilikuuliza, ukanidanganya, na kwa uongo wako nikaipeleka sauti ya baba yangu ikafutwe, kwa mkono wangu. Siku nyingine ukiulizwa kama kazi imekwisha, sema ilipofikia, hata kama unaona aibu. Aibu yako ingekwisha jana ileile. Haya mengine, mwanangu, hayana fundi.”