Matofali ya Nyuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alichota ndoo mbili za maji na kuyanywesha matofali. Alikuwa darasa la sita, na jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo usiotulia. Siku hizi maneno yalikuwa yamempungua. Mama yake alifariki mwaka uliopita, baada ya miaka mingi ya kuchochea kuni kwenye tanuri la matofali na kumeza moshi wake.

Baada ya msiba, baba alilibomoa tanuri. Sasa alishindilia matofali kwa mashine ya mkono: udongo uliochekechwa, saruji kidogo, basi. Hayachomwi, wala hayali hata mti mmoja. Lakini sheria ya halmashauri ilitambua matofali ya kuchoma tu. Wakubwa waliiandika wakiwa mbali na moshi.

Baba aliandika barua tisa. Baada ya barua ya tisa, mkaguzi wa halmashauri akakubali kuja. Matofali yakifaulu, madarasa mapya ya shule yangejengwa kwayo.

“Yasikauke siku kumi na nne, mpaka saruji ishike,” baba alionya. “Mbele na nyuma ya rundo. Tofali la udongo lina kiu kama mgonjwa.”

“Ndiyo, baba.”

Lakini kisima kilikuwa mbali. Kuanzia siku ya tano, Chiriku alilowesha magunia yaliyofunika matofali ya mbele tu, yale ambayo baba aliyaona akipita. “Nani atajua? Yote yanafanana,” alijisemea.

Mkaguzi alifika asubuhi, viatu vikimetameta. Ya mbele hakuyagusa. Alizunguka nyuma ya rundo, akachomoa tofali moja, akalitumbukiza kwenye karai la maji, kisha akaenda zake kunywa chai. Aliporudi alasiri, karai lilikuwa limejaa tope.

“Fundi, hili tofali au uji?” alicheka. “Saruji umeipeleka wapi?”

“Sijaiba hata kijiko, mheshimiwa.”

“Maji hayana upendeleo.” Akatoa kalamu.

Baba alitazama pale tanuri lilipokuwa. Maneno yakamtoka Chiriku yote kwa pamoja.

“Mheshimiwa, usiandike! Baba hana kosa. Ya nyuma sikuyamwagilia. Nilifanya uvivu. Pima ya mbele!”

Mkaguzi alikunja uso kama mtu aliyecheleweshewa chakula, lakini akachomoa tofali la mbele na kulizamisha. Kesho yake lilikuwa zima. Aliligonga kwa nyundo, likalia kama chungu kizuri. Akaandika kwamba madarasa yajengwe, kwa majaribio.

“Na sheria?” baba aliuliza.

“Itasubiri kikao cha halmashauri.”

“Mke wangu hakusubiriwa na kikao,” baba alisema. Mkaguzi akafunga mkoba wake.

Matofali yote ya nyuma yalipondwa, yakaanzwa upya. Jioni baba alikaa juu ya mashine, amechoka.

“Mwanangu, wale wa halmashauri walikuwa wanatafuta sababu ya kutukatalia. Uvivu wako ukawapa. Ukweli wako ndio uliotuokoa, ila ulikuja kwa kuchelewa. Kazi ya mnyonge huanza kukaguliwa pale anapodhani hapaonekani. Ifanye vizuri hapo.”

Chiriku alibeba ndoo, akazunguka rundo, akaanzia nyuma.