Gauni la Njano, Safu ya Mbele

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika barabarani. Ndivyo ulivyo msimu wa likizo katika mji wa watalii: watu wazima hukumbuka ngozi zao wakishaungua jua, na watoto hukumbuka matumbo yao wakishamaliza aiskrimu ya tatu. Muuza dawa, binti mwembamba aliyevaa koti jeupe lililonyooshwa hadi ncha za kola, alikuwa anamweleza bibi mmoja namna ya kupaka mafuta pale mgeni alipoipita foleni nzima, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta kama mtu anayejisalimisha.

"Foleni inaanzia nje, kaka."

"Najua, na nimeipita kwa aibu kubwa. Lakini itazame kwanza hii mikono."

Ncha za vidole vyake zilikuwa zimetoka malengelenge.

"Wewe mpishi?"

"Hapana."

"Basi unashika pasi upande usiofaa."

Foleni ikacheka. Hata bibi wa mafuta akacheka.

"Mimi ndiye ninayewasha mwezi pale ukumbi wa maonyesho," mgeni alisema. "Na nisiporudi upesi, leo usiku wageni wenu watakaa gizani."

"Kumbe mwezi unaunguza?"

"Ukiusogeza bila glavu, dokta, unaunguza sana."

Hakuwa daktari, na alimwambia hivyo huku akimfunga vidole kimoja kimoja. Lakini tangu siku hiyo jina lake likawa Dokta, na la yule mgeni likawa Mwezi, na simu zao mbili hazikupoa tena.

Kazi ya Mwezi ilikuwa ya ajabu kidogo. Aliletwa na kundi la wasanii kwa msimu mmoja tu, na kila jioni alikaa katika kibanda kilichoning'inia ubavuni mwa ukumbi, juu kabisa, akiendesha taa kubwa inayomfuata mcheza dansi mkuu popote aendapo. Dokta kwa upande wake alizaliwa katika mji huo, na hakuwahi kuingia hata kwenye onyesho moja.

"Hata gurudumu kubwa?" Mwezi alimuuliza kwenye simu.

"Naliona kila siku nikianika nguo. Kupanda ni kwa wageni."

"Kesho utakuwa mgeni. Vaa viatu vya kutembelea."

Watu wa burudani hufunguliana milango. Mwezi alifika getini, akasema, "Niko na mwenzetu," na Dokta akapita kama mwenye mji. Walipanda gurudumu, naye akaona kutoka juu paa la duka la dawa, dogo kama kiberiti. Waliingia kwenye jumba la samaki, wakasimama chini ya papa aliyepita juu ya vichwa vyao bila haraka. Walitazama chemchemi zinazocheza kwa muziki, hadi blauzi ya Dokta ikalowa. Katika nyumba ya vioo, Mwezi alisimama akazitazama sura zote za Dokta zilizojipanga ukutani.

"Ningependa nyumba yenye wewe wengi hivi."

"Utawalisha nini?"

"Nitaanza na mmoja, nione bajeti."

"Huyo mmoja ana dada mkubwa," Dokta alisema. "Dada ndiye bajeti yenyewe."

Dada alifanya kazi mapokezi ya hoteli, na aliwajua wanaume wa msimu kama anavyojua funguo za vyumba. "Mdogo wangu," alimwambia jikoni, "hawa huja na mabegi yao na huondoka nayo. Usije ukawa wewe ndicho kilichosahaulika chumbani."

Dokta alicheka tu. Kilichomkera kilikuwa kingine.

"Kila jioni unamtazama mwanamke mwingine," alimwambia Mwezi siku moja, kwa utani ambao haukuwa utani mtupu.

"Namtazama kwa kazi, laazizi. Yule mama anashuka ngazi ndefu amenyanyua uso, hatazami chini hata kidogo. Anachofuata ni ukingo wa mwanga. Mwanga ukitangulia, mguu unajua pa kukanyaga. Lazima nijue anavuta pumzi lini."

"Unajua na pumzi zake?"

"Ndiyo kazi."

"Basi siku nikija, niangalie mimi. Mara moja tu. Nijue na mimi nina mwezi wangu."

"Nitakuangalia," Mwezi alisema. "Naahidi."

Alimpatia kiti cha mwisho, safu ya mbele. Dokta alishona gauni la njano kwa ajili ya siku hiyo, lenye mikono mifupi na kiuno kilichobana, na Dada, pamoja na maneno yake yote, ndiye aliyemfunga vifungo vya mgongoni. Ukumbi ulijaa. Mcheza dansi mkuu, mwanamke mrefu aliyekwisha pita ujana lakini bado ana mgongo ulionyooka kama mshumaa, alitokea juu ya ngazi akiwa na vazi la fedha. Duara la mwanga likamkumbatia.

Hapo Dokta akainua macho kibandani, akatabasamu.

Na Mwezi akatimiza ahadi yake. Macho yake yaliondoka kwa muda wa kupepesa tu. Mikono haikuhama, na hilo ndilo lilikuwa kosa, kwa sababu mcheza dansi alikwisha vuta pumzi, na mguu wake ulitoka kwenye mwanga ukakanyaga giza.

Watazamaji waliona mwanamke akiteleza. Pazia likafungwa, watu wakarudishiwa pesa za viti vyao, na Dokta akarudi nyumbani akiwa na huzuni ya kawaida, ile mtu anayoipata kwa ajali ya asiyemjua.

Tangu hapo Mwezi alibadilika. Simu ziliita bila kupokewa. Akipokea, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku ameelekea ukutani.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Leo ukumbi umefungwa, Mwezi."

Kijiko kikagonga bakuli upande wa pili.

"Nauliza tena. Uko wapi?"

"Nitakueleza, mpenzi. Si leo."

"Usijisumbue. Dada amekuona. Umeingia hotelini kwao umembeba mwanamke mikononi kama bibi harusi, ukaagiza supu, ukamlisha mwenyewe. Pumzi zake nazo ulizihesabu?"

"Dokta, nisikilize..."

"Mimi si dokta. Nauza dawa." Akakata simu, akailaza kifudifudi juu ya kaunta, akamhudumia mteja aliyefuata kwa upole mwingi kuliko kawaida.

Mwezi angeweza kumaliza mambo kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ingemwambia Dokta kwamba tabasamu lake limemvunja mtu mguu. Alipoulizwa na meneja, alisema alisinzia, akafukuzwa kazi. Kwa Dokta akanyamaza, akaona ni afadhali achukiwe.

Msimu ulikuwa unakwisha pale magongo yalipogonga sakafu ya duka la dawa. Mcheza dansi aliingia polepole, mguu mmoja ukiwa kwenye plasta, akaomba dawa ya maumivu. Dokta alimtambua, akampa kiti, akamhesabia vidonge.

"Meza baada ya kula, mama."

"Asante. Wewe ndiye wa gauni la njano?"

Dokta akaendelea kufunga dawa ile ile.

"Mwanangu, ukumbi mzima ulikuwa unanitazama mimi. Wewe peke yako ulikuwa umetazama juu, unamchekea mtu wa taa." Alisema bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa. "Yeye anasema alisinzia. Nimefanya naye kazi miaka; hasinzii yule. Analeta supu kila siku na hata macho hanyanyui. Watu wa getini wamenielekeza hapa; nilikuja tu kukuona, nijue mguu wangu umeuzwa kwa kitu gani."

"Sikujua," Dokta alisema.

"Nimeshaona hukujua."

"Utacheza tena?"

Mwanamke akatabasamu kidogo. "Keshokutwa ni onyesho la mwisho. Nitashuka zile ngazi kwa gongo moja, niwaage watu. Nimemwambia meneja sishuki kwa mwanga wa mwingine. Wamemrudisha kwa siku hiyo moja."

Jioni hiyo Dokta alimkuta Mwezi nyuma ya ukumbi, akifunga nyaya. Hawakusalimiana. Alimshika ile mikono, akaitazama, ilikuwa imepona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeubeba mzigo huo na mimi."

"Kwani sasa siubebi?" Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta. "Umeniacha nikutukane. Nimemtukana na yule mama."

"Nisamehe."

"Nani amsamehe nani hapa, Mwezi?"

Walikaa juu ya sanduku la vifaa hadi taa za gurudumu zilipowaka. Alipoongea tena, Mwezi aliongea kama mtu anayevuka daraja la ubao. "Basi la kundi linaondoka mara baada ya onyesho. Meneja mwingine, mji unaofuata, amekubali kunipa kazi. Twende wote. Nitakwenda kwa Dada, nitapiga magoti, nitafuata kila utaratibu wa kwenu. Niwe mume wako."

Dokta aliokota kipande cha waya, akakikunja, akakikunjua.

"Kama nimekubali," alisema mwishowe, "pazia likishuka utanikuta kwenye kiti changu. Lakini na wewe niahidi kitu kidogo. Safari hii usiniangalie. Hata nikikohoa. Hata paa likidondoka. Mtazame yeye mpaka afike chini."

"Naahidi."

Siku ya mwisho gauni la njano lilikuwa pale pale, safu ya mbele. Mcheza dansi alitokea juu ya ngazi. Hakuvaa fedha, alivaa gauni jeupe la kawaida, na mkononi alikuwa na gongo. Ukumbi ukanyamaza kiasi kwamba kila mara gongo lilipogusa ngazi, sauti ilifika hadi viti vya nyuma. Mwanga ulitangulia, mguu ukafuata. Mwanga, mguu. Na uso wa yule mwanamke ulikuwa umenyanyuliwa kama zamani.

Dokta alitazama duara lile lisilotikisika, na moyo wake ukajaa fahari. Papo hapo ukajaa na kitu kingine. Alijua kwamba popote watakapokwenda, Mwezi atakuwa anamtazama kwa wizi, na kila atakapomtazama atamsikia mtu akianguka. Alikuwa amejaribu usiku mbili mfululizo kujenga nyumba kichwani mwake, na kila mara msingi ulikuwa mguu wa mwanamke mwenzake. Alijua pia kwamba akingoja pazia, akayaona yale macho, hataweza kukataa.

Akasimama.

Kule juu, Mwezi aliiona njano. Hakuitazama, iliingia yenyewe kwenye pembe ya jicho, ikasogea kutoka kwenye kiti, ikaanza kupanda njia ya katikati kuelekea mlangoni. Kutoka kibandani hadi mlango ule kulikuwa na ngazi moja tu ya chuma. Angekimbia angemkuta.

Mcheza dansi alivuta pumzi.

Mwezi akashusha mwanga ngazi moja. Mguu ukafuata. Njano ikafika mlangoni, ikasimama kidogo, kama inayongoja. Akashusha mwanga ngazi nyingine. Vidole vilikuwa vinaungua, kwa maana alisahau glavu, naye hakuviondoa. Mlango ukafunguka, ukajifunga.

Mwanamke alifika chini. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Mwezi alimshikia mwanga mpaka alipoinama, akainuka, na pazia likamfunika. Ndipo akageuza macho kwenye kiti cha mwisho, safu ya mbele.