Majirani wa Yaya

Bubu aliiacha Land Cruiser katikati ya foleni, mlango wazi, akatoka mbio kuelekea uwanja wa ndege.

Saa tano na dakika ishirini. Ndege ilikuwa inaruka saa sita kamili.

Katika ndege hiyo angepanda mtu aliyeitwa Daktari, na kwenye mkoba wake kulikuwa na chupa mbili za vijidudu vya kutosha kuumaliza mji mzima kwa njia ya mabomba ya maji. Idara ya ujasusi, aliyoitumikia Bubu, ilikuwa imemsaka miaka sita. Walikuwa na sauti yake. Walijua hata namba ya kiatu chake.

Sura yake hakuna aliyekuwa nayo.

Isipokuwa yaya, na yaya alikuwa marehemu.

Alikuwa akimlea mtoto katika nyumba aliyofikia Daktari. Walinzi walimpekua hadi kwenye nywele. Simu marufuku, hata kalamu marufuku. Walichomwachia ni tableti ya mtoto, yenye gemu ya maisha, ile ya kuunda watu, kuwajengea nyumba, kuwalaza na kuwagombanisha. Mchana kutwa yaya alikaa sakafuni na mtoto, akiunda majirani. Walinzi walimpita mgongoni wakimcheka, mtu mzima na midoli.

Kila jirani alikuwa mgeni aliyepita sebuleni pale.

Bubu ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hiyo. Ndiye aliyemwahidi kumtoa Jumanne. Makao makuu yakasema asubiri, naye akasubiri. Jumatano yaya akaokotwa mtaroni.

Wiki mbili sasa Bubu alikuwa hapati usingizi wa maana. Simu yoyote ikiita, kabla hajapokea, alimsikia yule mwanamke akisema kwa sauti ya chini, "Sawa kaka, basi nakusubiri."

Asubuhi hii walikuwa wameivamia nyumba. Tupu. Tableti tu, chini ya godoro la mtoto.

Kidude cha sikioni kikakwaruza.

"Nimeifungua," alisema Mama Pacha, fundi wa kompyuta wa idara. Gemu, alieleza, haiweki picha. Inaweka tarakimu: upana wa pua, nafasi kati ya macho, mteremko wa taya. Alizichomoa moja moja, akailisha mashine yake, na mashine ikarudisha nyuso. Majirani kumi na mmoja. Kumi idara ilikuwa ikiwafahamu.

Wa kumi na moja akaingia kwenye simu ya Bubu.

Paji pana. Pua ndefu. Ngozi laini kama sahani, maana kwenye gemu hakuna anayezeeka asipozeeshwa.

Saa tano na dakika thelathini na nane. Bubu akaingia ukumbi wa abiria, akapunguza mwendo, akatazama.

Akajibanza kando ya nguzo.

"Wapo wanne," alinong'ona.

"Wanne wapi?"

"Wanne wenye uso huu. Na nikimkamata asiye yeye, mwenyewe atazipasua chupa hapa hapa. Umeacha nini?"

"Sijaacha kitu, kaka. Pua, macho, taya, masikio..."

"Mama Pacha."

Akajibu kama mtu aliyefumaniwa na sukari mdomoni. "Vipodozi tu. Nimeviruka. Wanangu wale wawili wakiishika gemu hii hata baba yao wanampaka rangi ya mdomo. Nilidhani ni utundu wa mtoto."

"Visome."

Vitufe vikalia. "Rangi ya mashavu. Nyekundu ya kuiva. Lakini haipo shavuni, imesukumwa chini ya sikio la kushoto mpaka shingoni." Akaikuza picha. "Bubu, gemu hii haina kovu. Yaya alitafuta pa kuliweka kovu, akakosa. Akatumia rangi."

Watatu kati ya wale wanne shingo zao zilikuwa wazi, hazina alama.

Wa nne alivaa skafu, na ukumbi ulikuwa na joto la tanuri.

Bastola yake ya Glock ilibaki kwapani. Risasi na chupa haviendi pamoja. Bubu alipita nyuma ya kiti kama abiria anayetafuta choo, mkono mmoja ukadaka kifundo cha mkono ulioshika mkoba, mwingine ukavuta skafu.

Kovu la moto. Jekundu, chini ya sikio la kushoto.

"Daktari," alimwambia taratibu, "yaya anakusalimia."

Daktari alijaribu kuutupa mkoba sakafuni. Kifundo kikalia kama kijiti kikavu, vidole vikaachia. Vijana wa idara wenye glavu, waliomfuata Bubu kwa nyuma, wakaupokea mkoba kama wanapokea kichanga.

Saa sita kasoro nne.

Nje, juani, sauti ya Mama Pacha ilirudi, safari hii bila utani. Alisema yumo mtu wa kumi na mbili. Huyu si jirani. Anaishi nyumbani kwa yaya.

Picha ikaingia. Pua iliyopinda, jicho moja dogo kuliko mwenzake. Bubu alijitazama. Yeye na yaya walikuwa wameonana mara mbili tu, tena haraka.

"Mmekaa mezani, yeye na wewe," alisema Mama Pacha. "Sura yako hairuhusiwi kwenye faili lolote, unajua. Nikufute?"

"Nifute."

"Atabaki peke yake humo ndani."

Bubu alisimama. Ndege ilipaa juu ya kichwa chake, ikiwa imepungukiwa abiria mmoja.

"Basi niache," alisema. Akachomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni, akavuka barabara bila haraka.